Jua la Mbele ya Mlango Wangu

Mimi ni mtu wa nje. Tangu nikiwa msichana, ukinitafuta ndani ya nyumba hunipati. Niko shambani, niko kisimani, niko kwa jirani napiga domo. Kwa hiyo nikiwaambia wajukuu kwamba niliwahi kujifungia ndani karibu miaka miwili, hapa hapa Tarime penye jua la kumwaga, nikakosa jua mpaka mifupa ikanigomea, wanaangua kicheko. Nawaacha wacheke. Wakati ule hakukuwa na mtu wa kucheka, maana mtoto wangu wa kwanza alikuwa hasimami.

Niliolewa kabla hatujahamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa. Boma la baba mkwe lilikuwa peke yake mlimani: zizi la ng'ombe katikati, nyumba zimelizunguka, na mzee mwenyewe mahali pake ni kule langoni. Sasa, kwetu Wakurya, mke wa mwana na baba mkwe wake hawazoeani. Baba mkwe haingii nyumbani kwangu hata nyumba ikiungua. Mimi sikai mbele yake nimenyoosha miguu, sipiti nikiwa kichwa wazi, na mambo ya tumbo kubwa au kunyonyesha mbele ya macho yake ndiyo usiyataje kabisa. Si chuki hiyo, ni heshima, na kule bomani haikunisumbua hata kidogo. Nyuma ya nyumba yangu, kati ya ghala na migomba, palikuwa mahali petu wanawake. Nilikaa pale nikipukuchua mahindi, miguu imetawanyika juani, natukana kuku ninavyotaka.

Halafu wakaja wale mabwana wa serikali wenye kamba na vigingi. Wakapima bonde zima, laini kwa laini, wakatuambia tushuke. Kila familia kiwanja chake, na milango yote itazame barabara, kijiji kipendeze. Mume wangu alikuwa mtu wa kukubali kila kitu. Wakamwonyesha kigingi, akasema asante. Kumbe ng'ambo ya barabara, mlango kwa mlango na sisi, kigingi ni cha baba yake!

Nilipoona hivyo nilikaa juu ya mzigo wa vyungu nikasema sihami. Nikahama.

Na hiyo ilikuwa nusu tu ya balaa. Kwetu, wanaume waliotahiriwa pamoja na baba mkwe wako, rika lake, nao ni baba wakwe zako, heshima ni ile ile. Zamani walikuwa wametawanyika huko milimani, kila mmoja na boma lake, unakutana naye mara moja kwa msimu. Sasa wote wamepangwa kwenye laini. Kulia kwangu baba mkwe, nyuma yangu baba mkwe, pale penye bomba baba mkwe. Nilikuwa na mmoja, kijiji kikanipa mtaa mzima.

Tena katibu wa kijiji, kijana mmoja mwenye bidii ya kuudhi, akaamua kwamba wazee wasioweza shamba la kijiji nao wafanye kazi. Akawapa kuchonga mipini ya majembe. Kila mzee akae mlangoni kwake, achonge, ili katibu akipita na baiskeli aone kwa macho. Basi chuma cha gurudumu kikishagongwa asubuhi na watu kwenda shambani, wazee wanatoka na vigoda vyao, wanakaa, tok tok tok, mpaka mchana. Jua lote la kijiji likawa la wazee.

Mimi nikapata mimba wakati huo huo. Mama mkwe wangu, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita ng'ombe, alifurahi mpaka akanipa kanga yake mpya. Lakini akaniambia, "Mwanangu, tumbo hilo wale wazee wasilione." Mume wangu akazungumza na katibu, nikatolewa kwenye kazi ya shamba, nikapewa kupika uji wa wafanyakazi. Napika jikoni mwangu, nyumba ya udongo isiyo na dirisha, moshi juu, mlango umerudishwa. Watoto wanakuja kubeba ndoo. Maji nachota kabla hakujapambazuka, nimejifunika kanga kuanzia utosini hadi kwenye vifundo vya miguu. Wenzangu walinionea wivu. Na mimi, nisikudanganye, nilijiona nimepata cheo. Kukaa kivulini, kunenepa, kulindwa! Mama mkwe alinijaza maziwa, uji wa ulezi, dagaa wa mnadani, na nyama ikichinjwa popote kijijini yeye keshafika.

Mimba ilipokuwa kubwa nyonga zikaanza kuuma. Nikiinuka nashika ukuta. Nikitembea nayumba kama bata. Mama mkwe akasema ni mtoto wa kiume, mzito. Nikajifungua msichana, si mzito hata kidogo, lakini macho makali, na nilimpenda mpaka nikawa namwamsha usingizini nimwone tu. Tukaendelea kukaa humo ndani, yeye na mimi na moshi.

Miezi ikapita. Watoto waliozaliwa msimu mmoja na wangu wakakaa, wakatambaa, wakaanza kushika kuta. Wangu alichelewa kukaa. Kichwa chake kilitoka jasho akinyonya mpaka mkono wangu unalowa. Nikimsimamisha mapajani, miguu inalegea, anakunja uso, analia. Wenzake walipoanza kukimbiza kuku barabarani, yeye alikuwa bado kwenye mkeka, na ile miguu yake ilianza kupinda kwa nje. Nilikuwa nainyoosha kwa mafuta ya siagi kila jioni, nikidhani nitaikunjua kwa vidole. Niliogopa, jamani. Niliogopa sana, na sikumwambia mtu, maana neno ukishalisema kwa sauti huwezi kulirudisha.

Siku ya kliniki nikamfunga mgongoni, nikajifunika, nikaenda zahanati. Muuguzi wa pale alikuwa mama mtu mzima, mwenyeji wa mbali, hana subira na mtu. Akamvua mtoto, akamshika vifundo vya mikono, akambonyeza mbavu, akaniangalia mimi.

"Shikamoo mama," nikasema kwa mara ya pili, kwa woga.

"Marahaba. Unakula nini?"

Nikamtajia. Maziwa, ugali, dagaa, nyama.

"Basi njaa siyo. Jua unaota saa ngapi?"

Nikacheka. "Jua la nini, mama? Mimi naumwa nyonga, si nguo mbichi."

Hakucheka. Akanikalisha, akanieleza taratibu, kwa hasira kidogo, kama mtu aliyekwisha kulieleza jambo hilo kwa wengi. Ngozi ikipigwa na jua inatengeneza kitu kinaitwa vitamini D. Bila hiyo, yale madini mazuri ya kwenye maziwa yanapita tu tumboni, hayashiki kwenye mfupa, na mfupa unabaki laini. Mtoto akiwa tumboni anachota akiba kwa mama yake. "Na wewe ulikuwa mkavu," akasema. "Ndiyo maana nyonga ziliuma. Amezaliwa hana akiba, titi lako halina ya kumtosha, halafu umemfungia humo humo gizani. Haya ni matege."

"Atatembea?"

"Ukimtoa sasa, atatembea, na miguu itajinyoosha yenyewe kwa sehemu kubwa. Ukisubiri mfupa ukomae umepinda, basi ndiyo hivyo tena."

Akanipa chupa ya mafuta ya ini la samaki, yananuka mpaka mbwa anageuza uso, akasema ni ya mwisho, hajui nyingine zitakuja lini. Dawa yenyewe, akasema, ni jua la kila asubuhi. Mtoto uchi, miguu wazi, na mimi pia mikono na miguu wazi. "Na mimba nyingine ikija, uibebe nje. Umenisikia?"

Nilimsikia. Njiani nikawa nasema peke yangu, nje wapi? Nje wapi?

Mama mkwe nilipomweleza alishika kiuno. "Umwanike mtoto? Mtoto ni dagaa?" Lakini usiku ule alilala kwangu, nikamsikia kucha anageuka kitandani, na asubuhi akaja mwenyewe kuibonyeza ile miguu. Akasema, "Jaribu nyuma ya nyumba."

Nyuma ya nyumba palikuwa na mihogo ya amri, kila kaya lazima iwe nayo, imekuwa mirefu kuliko mtu. Nikasafisha kipande kidogo, nikatandika mkeka, nikamvua mtoto, nikajivuta kanga mpaka magotini. Sijakaa hata kidogo, mihogo ikafunguka, anatoka mzee wa nyuma, rika la baba mkwe, anafuata mbuzi wake. Kaniona na titi nje na miguu hiyo! Aliacha mbuzi, akaacha kofia, akapita katikati ya mihogo mbio za ujana. Mbuzi alibaki ananiangalia. Nilitamani ardhi inimeze. Yule mzee alikaa ndani siku nzima kwa aibu, na mama mkwe ikabidi apeleke maziwa kwake kutuliza mambo.

Basi nikabuni jingine. Tulikuwa na kizuizi cha kuogea, nyasi pande zote, juu wazi. Nikaingia humo na mtoto. Jua linafika chini pale linapokuwa utosini tu, kidogo, halafu linaondoka, na ni kali, mtoto anapiga kelele. Lakini nilishikilia. Kila mchana niko bafuni. Majirani wakaanza kuniangalia kwa huruma. Mmoja akaniletea mizizi ya kufunga tumbo. Mwingine akamwuliza mume wangu, kwa sauti ya chini, kama kuhara kwangu kuna damu. Mume wangu, mtu wa kukubali kila kitu, akajibu, "Kidogo." Ebo! Niligombana naye siku hiyo mpaka nikasahau tuligombania nini.

Halafu mbuzi wakala kizuizi. Mafuta ya samaki yakaisha. Siku ile ndiyo nililia. Nilikaa kwenye giza la jikoni, uji unachemka, mtoto amekaa kwenye mkeka ananinyooshea mikono nimbebe, na kupitia ufa wa mlango naona barabara nyeupe kwa jua, na ng'ambo yake miguu ya baba mkwe, na vipande vya mti vinaruka. Nilimchukia yule mzee siku hiyo. Hakuwa amenikosea kitu. Nilimchukia tu kwa kuwa amekaa pale. Mama mkwe akaingia, akanikuta nalia, akauliza, nikamwambia lote nililokuwa nalo moyoni, hata lile la kumchukia mumewe. Hakunikemea. Alinifuta uso kwa mkono wake wenye majivu akatoka.

Kesho yake, chuma hakijagongwa, nikasikia kikohozi ng'ambo. Ndivyo mzee alivyokuwa akitujulisha kwamba anatoka, ili mimi nijifiche. Nikachungulia kwenye ufa. Hakukaa. Alibeba kigoda, tezo na mipini yake, akaenda mlango wa pili, akagonga kwa fimbo. Akatoka mzee wa pale, analalamika. Wakaenda wa tatu. Wakawa wanapita laini nzima wanakokotana, wamejifunga mablanketi, baridi kweli kweli, mpaka wakapotelea kwenye njia ya mlima.

"Wazee wanakwenda wapi?" nikamwuliza mama mkwe.

"Wana maneno yao. Toa mkeka."

Niliuweka mbele ya mlango. Mbele kabisa, barabarani! Nikamvua mtoto nguo zote nikamlaza, nikanyoosha miguu yangu, nikafunua mikono. Jua likatugusa. Sijui nikuelezeje. Mtoto alifumba macho, akacheka, akayafumba tena. Laini nzima milango mitupu, mimi na yeye na kuku. Jua lilipokuwa kali tukaingia, na baadaye kidogo wazee hao wanarudi.

Ikawa hivyo kila siku. Sikuuliza sana. Ukipewa kitu unachokililia huanzi kukikagua.

Katibu ndiye aliyeanza kukagua. Anapita na baiskeli, vigoda havipo. Akafuatilia, akawakuta kwenye jiwe moja kubwa juu ya njia ya mahame, yale maboma yetu ya zamani, wamekaa kwenye umande wanachonga na kubishana. Moto ukawaka. Wazee wamekutana nje ya kijiji, bila kibali, kwenye njia ya mahame! Kwa wakati ule hiyo ilikuwa na maana moja tu: wanapanga kuwarudisha watu walikotoka. Au kama si hivyo, wanapanga kuiba ng'ombe wa watu. Baba mkwe akaitwa mbele ya kamati, mume wangu akiwa amesimama nyuma, na yeye ndiye aliyenisimulia.

"Ndugu mzee," katibu akasema, "kule jiweni mnajadili nini?"

"Tunachonga mipini."

"Kwa nini msichongee milangoni kwenu kama mlivyopangiwa?"

Mzee akafikiri. "Pale mlangoni jua linaniumiza macho."

"Na kule jiweni hakuna jua?"

"Lipo. La kule ni zuri."

Watu wakacheka, katibu akakasirika. Akamwuliza tena na tena, akamwambia aseme ukweli yaishe. Mzee akarudia yale yale ya macho yake. Angesemaje? Angesimama mbele ya kamati amtaje mke wa mwanawe, na titi lake, na miguu yake? Angekufa kwanza. Wakampa adhabu, yeye na wenzake, kuchimba shimo la choo cha shule jioni, na jiweni wakome.

Wakachimba. Jioni nilisikia vicheko vya vijana wakiwaangalia. Asubuhi nikasikia kikohozi, na laini nzima ikaondoka tena na mablanketi. Wakaitwa tena. Wakaongezewa shimo. Shule ile, nadhani, haijawahi kupungukiwa choo tangu siku hizo. Mwishowe katibu alichoka, mipini ilikuwa inafika na ilikuwa mizuri, akaacha.

Nyonga zangu zikapona kwanza. Nikagundua nimeinuka bila kushika ukuta. Halafu mtoto, akiwa kwenye mkeka, siku moja akavuta kanga yangu akasimama. Akatetemeka, akakaa. Nilipiga yowe mpaka mama mkwe akaja na mwiko. Baada ya hapo hakushikika. Akasimama na ukuta, akasimama na kigoda, akasimama na mbuzi. Na asubuhi moja, mbele ya mlango, akaachia ukuta akaja kwangu, hatua zake mwenyewe, miguu bado ina tege kidogo, uso umejaa ushindi. Nikamdaka. Mama mkwe alikuwa keshaanza kukimbia. Mwanamke wa umri ule, anapanda mlima mbio, anapiga vigelegele, mimi nikabaki nimesimama sielewi anamkimbilia nani huko.

Mume wangu alikuwa karibu na lile jiwe, anakata miti. Anasema mama yake alifika hana pumzi, baba yake akainua kichwa kwenye mpini akauliza neno moja tu, "Ametembea?"

"Ametembea!"

Mzee akaweka tezo chini. Akawageukia wenzake, wale wote wenye umande kwenye mablanketi, akasema, "Haya. Kesho tulale."

Mume wangu aliponieleza hayo nilimwambia arudie. Akarudia. Nilikuwa nimesimama na kata ya uji mkononi, nikamwuliza, "Kwa hiyo muda wote huu?" Akasema yeye mwenyewe ndiyo kwanza anajua. Nilitaka kuvuka ile barabara nikapige magoti. Lakini mke wa mwana havuki. Hata asante sikuwa na njia ya kumpelekea, maana ningesema asante kwa lipi?

Kesho yake walilala kweli. Chuma kikagongwa, watu wakaenda shambani, milango ya wazee imefungwa, kijiji kimya. Nilikuwa jikoni nakoroga uji, nikageuka, mtoto hayupo kwenye mkeka. Nikakimbilia mlangoni. Yuko katikati ya barabara, uchi, anayumba, anakwenda. Nikamwita, hakugeuka. Akafika ng'ambo, akaanza kupiga ule mlango kwa viganja vyote viwili, anapiga kelele za furaha.

Nikasimama kizingitini. Kumfuata siwezi. Nikasikia sauti ya mzee kutoka ndani, nzito kwa usingizi, "Nani huyo anatuamsha?" Mlango ukafunguka. Nikarudi ndani haraka, kama inavyopasa, nikakaa chini nyuma ya mlango wangu, nikalia, na ng'ambo nikamsikia anamsalimu mwanangu kama mgeni mkubwa na kumkaribisha aingie.